Kabla ya kudungwa sindano ya midomo, uliza dawa ya kuyeyusha iko wapi

Wengi wakipiga simu kliniki huuliza jambo moja: mililita moja ya kujaza midomo ni pesa ngapi? Kwa mtu wa Kisumu, Kakamega au Kisii, mimi ningeanza na swali jingine kabisa. Mambo yakienda mrama, dawa ya kuyeyusha kilichodungwa mnayo hapo chumbani, na anayejua kuitumia yupo leo? Anayeishi Nairobi anaweza kurudishwa kliniki kwa teksi kabla chai haijapoa. Sisi tuna kilomita karibu 350 za barabara mpaka huko.

Halafu jua unaulizia nini. Watu husema tu "kujaza midomo", lakini ndani ya maneno hayo mna vitu visivyofanana hata kidogo, na ukienda bila kuvitenganisha utauziwa kilichobaki kwenye friji.

Kinachotumika zaidi ni fila, yaani kijazio, ya asidi ya hayaluroniki. Ni jeli. Asidi yenyewe tunayo mwilini, kwenye ngozi na kwenye maungio. Hata kilemba cha jogoo kina nyingi, na kuna fila zilizowahi kutengenezwa kutokana nacho. Siku hizi nyingi hutengenezwa kwa kutumia bakteria. Kabla yake Wamarekani walitumia kolajeni ya ng'ombe, iliyoidhinishwa kwao mwaka 1981, na mtu alipimwa kwanza kwenye ngozi ya mkono kuona kama mwili utaikataa. Restylane, moja ya fila za asidi hii, ilipitishwa huko mwaka 2003 kwa mikunjo ya uso, na mwaka 2011 kwa midomo, kwa watu wa zaidi ya miaka 21. Kwenye midomo fila hii hukaa kama miezi 6 hadi mwaka mmoja. Kwangu mimi uzuri wake hauko kwenye unene inaoleta. Uko kwenye kimeng'enya kiitwacho hayaluronidesi, ambacho kikidungwa mahali palepale huivunja jeli ikaisha. Mdomo ukipinda, uvimbe ukigoma kushuka, au mshipa ukizibwa, pana njia ya kurudi.

Botox haijazi chochote. Hulegeza msuli unaozunguka mdomo, na mdomo wa juu ukajigeuza nje kidogo. Inamfaa yule ambaye mdomo wake wa juu humezwa akicheka. Anayetaka unene atapoteza pesa zake. Hutumika yuniti chache sana, matokeo kamili huonekana baada ya wiki mbili hivi, na baada ya miezi miwili au mitatu yameisha. Hayaluronidesi haiigusi Botox, kwa hiyo usipoipenda utasubiri tu. Katika muda huo kupiga mluzi na kunywa soda kwa mrija kunaweza kukushinda. Kama wewe ni wa kwenda ufuoni Dunga Jumapili kufyonza kichwa cha samaki, ngege, mpaka mfupa uwe mweupe, lifikirie hilo pia.

Zinazobaki nazipitia haraka kwa sababu jibu langu ni hapana. Silikoni ya maji haitoki, huhama, na huweza kuleta vinundu miaka mingi baadaye. Fila za kalisi zina kazi yake kwingineko usoni, lakini kwenye midomo hufanya vinundu, na hayaluronidesi haiziyeyushi. Ile peni isiyo na sindano inayouzwa mtandaoni ujifanyie mwenyewe chumbani, mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya watu dhidi yake mwaka 2021.

Binamu yangu alidungwa kwenye chumba cha juu cha saluni fulani mjini. Alipouliza ni dawa gani akaambiwa, "Ni ya Korea, nzuri sana." Korea ni nchi, si dawa. Hakuonyeshwa boksi, na bomba la sindano lilikuwa limeshafunguliwa alipoingia. Midomo yake ilikaa sawa, nashukuru, lakini alipotaka kuongeza mwaka uliofuata, daktari wa ngozi alimkatalia: hawezi kumwaga kitu kipya juu ya kitu asichokijua. Fila halisi huja ndani ya bomba lililofungwa, boksi lina namba ya toleo na tarehe ya kuisha, na vibandiko vya kubandika kwenye faili lako. Lifunguliwe ukiona.

Jina la anayedunga liulize kamili, kisha litafute kwenye rejista ya mtandaoni ya baraza la madaktari, KMPDC. Leseni ya kutibu hulipiwa upya kila mwaka, hivyo cheti cha zamani kilichotundikwa ukutani hakitoshi. Na daktari wa kutoka Nairobi anayekodi chumba Kisumu wikendi mbili kwa mwezi ana ujuzi wake, simkatai, ila muulize Jumatatu utampigia nani.

Joto letu nalo lina neno. Kichupa cha Botox kinakaa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Fila nyingi zinataka zisizidi nyuzi 25, na mchana wa Kisumu huvuka hapo karibu kila siku. Kifurushi kilichosafiri kwenye buti la matatu, kikapokewa steji na mtu wa boda, kimepata joto la aina yake. Uliza zilifikaje, na stima ikipotea friji inashikwa na nini.

Mwilini mwako mwenyewe, sema yote hata kama hujaulizwa. Kama huwa unatokwa na malengelenge ya homa mdomoni, sindano inaweza kuyaamsha, na daktari ataweza kukupa asaiklovia, dawa ya virusi, mapema. Kama una mzio wa kuumwa na nyuki, taja, maana sumu ya nyuki ina hayaluronidesi, na ile dawa ya kuokoa inaweza kukugeukia. Taja makovu yanayovimba, na ugonjwa wowote wa misuli kabla ya Botox. Ukiwa mjamzito au unanyonyesha, ahirisha. Aspirini ukiwa umeandikiwa na daktari usiiache kwa uamuzi wako, umuulize yeye. Dawa za maumivu za dukani za aina ya ibuprofen na pombe ziache siku chache kabla, ili usivilie damu sana. Jino lenye usaha litibiwe kwanza.

Tarehe nayo. Uvimbe hupanda siku ya pili au ya tatu, na umbo halisi huonekana baada ya wiki mbili. Kama kuna ayie, sherehe yetu Wajaluo ya mahari, mwezi wa nane, usidungwe wiki ya ayie. Dada za mama hawatazungumzia ng'ombe, watazungumzia midomo. Mara ya kwanza nusu mililita inatosha. Kijiko cha chai hubeba mililita 5, kwa hiyo hata mililita nzima ni kidogo kuliko unavyodhani, na kuongeza ni rahisi kuliko kupunguza.

Ukiamua kwenda Nairobi au Nakuru, usipande basi la usiku siku hiyohiyo. Hatari kubwa ya fila ni jeli kuingia kwenye mshipa wa damu au kuubana. Ngozi inaweza kupauka au kupata madoa kama wavu, maumivu yakazidi, ingawa ganzi iliyochanganywa kwenye fila inaweza kuyaficha kwa saa kadhaa. Kwenye ngozi yetu nyeusi weupe haujitokezi vizuri, hivyo geuza mdomo utazame ndani kwenye wekundu, bonyeza kwa kidole, achia. Rangi irudi ndani ya sekunde mbili tatu. Ikichelewa, mpigie aliyekudunga papo hapo na urudi usiku huohuo, kwa kuwa saa zinazopita ndizo zinazoua nyama ya mdomo. Hilo huwezi kulifanya ukiwa Kericho saa tano za usiku, dereva akiwahi Kisumu. Lala mjini, na ile namba ya simu uijaribu ukiwa bado kwenye kiti cha kliniki, uone kama inaita.

Kibandiko cha boksi kipige picha kabla hujatoka.