Skuli kongwe iwe karakana za wasanii: anza na kodi

Kabla ya kugusa ukuta, jua kodi. Sisi tulipopewa skuli ya zamani iliyofungwa hapa Mji Mkongwe, Unguja, tuliwakalisha barazani wachoraji, wafinyanzi na wachongaji, tukamuuliza kila mmoja: mwezi wa masika, wageni hawapo, unaweza kulipa ngapi bila kukopa? Jumlisha majibu, toa umeme, maji, mlinzi na akiba ya paa. Kinachobaki ndicho kitakachorudisha gharama za ukarabati. Ukizidisha hapo, utapata jengo zuri lisilo na msanii.

Michoro ipeleke mapema Mamlaka ya Mji Mkongwe. Mji huu ni Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, hata dirisha hubadilishi kwa kujiamulia.

Kisha ziba paa, ukague boriti. Beit el-Ajaib, jumba kongwe la hapa Mji Mkongwe, lilipoporomoka upande mmoja Disemba 2020, watu wawili walifariki. Tangu siku ile sipiti chini ya dari kongwe bila kutazama juu. Chukua bisibisi, choma boriti pale inapoingia ukutani, maana ndipo inapoozea. Bisibisi ikizama, hiyo itolewe. Uzito usizielemee boriti: wachongaji na tanuri la mfinyanzi wakae ghorofa ya chini, wachoraji juu.

Saruji usiikubali. Mwashi wetu wa kwanza aliipiga darasa zima. Masika mawili tu, lipu ikadondoka mapande, nyuma yake ukuta unatota na chumvi nyeupe kama unga. Ukuta wa mawe ya matumbawe lazima upumue, na saruji inauziba. Tuliibandua yote, na fedha ile inaniuma mpaka leo. Tumia chokaa iliyolowekwa shimoni miezi mitatu na zaidi, imefunikwa maji. Ikiiva, mwiko unaikata kama siagi.

Madarasa yagawe kwa mbao zisizofika darini, upepo upite. Mwanga usifuate vitabu vya Ulaya vinavyosifu dirisha la kaskazini: kwetu Juni jua liko kaskazini, Disemba liko kusini. Kivuli cha roshani ndicho kinachomfaa mchoraji mwaka mzima. Ubao wa darasani uache ukutani. Wetu hufutwa na kuchorwa upya kila asubuhi.

Mkataba uandike kodi kwa shilingi, isiyopanda miaka mitatu, na chumba kisipangishwe kwa duka la vinyago vya kununuliwa kwingine.