Kuboresha muziki wa gari bila kung'oa redio yake

Redio iliyokuja na gari hulaumiwa kwa makosa mengi yasiyo yake. Tatizo lake kubwa ni nguvu: chipu ya ndani hutoa takriban wati 15 hadi 20 RMS (nguvu ya kudumu) kwa kila spika, hata pale ilipoandikwa 4 x 50, maana hiyo 50 ni kilele cha muda mfupi sana. Ongeza hapo spika zenye sumaku ndogo na mlango uliojaa matundu, ndipo sauti inapooza. Iache redio mahali pake, pamoja na kamera ya nyuma na vitufe vya usukani, kisha ufanye kazi kwenye vyote vinavyoifuata.

Anza na milango kabla ya kununua amplifaya. Ukifungua paneli utaona bati la ndani lina matundu makubwa yaliyofunikwa kwa nailoni. Sauti ya nyuma ya koni hupitia humo, hukutana na ya mbele, na besi hufutika. Ziba matundu hayo kwa bati jembamba au plastiki ngumu, kisha bandika shiti za butili (mpira mzito unaonata) juu yake. Kwenye bati la nje, kufunika robo ya eneo kunatosha kuua mlio wake, mradi uikandamize shiti kwa rola hadi ishike vizuri. Usizibe vitundu vya chini vya kutolea maji, vinginevyo mlango utaoza.

Pima kina cha spika kioo kikiwa kimeshushwa hadi mwisho. Sumaku inayopita kwa milimita 2 tu hugonga kioo. Kama redio pekee ndiyo itakayoziendesha, tafuta spika zenye usikivu wa desibeli 90 au zaidi, na omu (kipimo cha ukinzani wa spika) zisipungue zile za spika za awali. Omu zikishuka, chipu hupata moto na redio hujizima. Hakikisha chanya na hasi kwa betri ya volti 1.5: koni ikisogea nje, waya uliogusa chanya ya betri ndio chanya ya spika. Spika moja ikigeuzwa, besi ya upande ule hupambana na ya mwenzake, na muziki unakuwa mwembamba bila sababu inayoonekana.

Sasa amplifaya. Redio nyingi za kiwandani hazina matundu ya RCA (ya waya za kupeleka sauti kwenye amplifaya), hivyo mawimbi huchukuliwa kwenye waya za spika. Amplifaya nyingi za sasa huyapokea moja kwa moja. Isiyoweza huhitaji LOC, kifaa kinachoyashusha hadi kiwango cha RCA. Tumia soketi ya katikati inayochomekwa nyuma ya redio ili usikate waya wa gari. Jambo moja lisisahaulike: waya zote mbili za kila spika zina takriban volti 6 ukizipima dhidi ya bodi la gari, kwa hiyo hasi ya spika haiungwi kwenye bodi wala na hasi ya spika nyingine. Chipu ya redio huungulia hapo.

Redio nyingine hupunguza besi kadiri unavyoongeza sauti, ili kulinda spika ndogo za kiwandani. Ijaribu mapema: cheza toni ya Hz 50 na upime volti za AC kwenye waya za spika kila unapopandisha sauti, halafu rudia kwa Hz 300. Kama za Hz 50 zinagoma mapema huku za 300 zikiendelea, sabufa itakufa pale unapoihitaji. Hapo nunua DSP (kifaa cha kurekebisha sauti kidijitali), au LOC yenye uwezo wa kurudisha besi. Na kama redio hupeleka sauti kwa waya wa nuru hadi kwenye amplifaya ya kiwandani, hakuna cha kuunga pale kwenye redio. Tafuta kiunganishi cha mfumo huo.

Kwa umeme, hesabu ni hii: amplifaya ya daraja D (aina isiyopoteza umeme mwingi) yenye wati 4 x 75 hutumia kama ampea 27 ikifanya kazi kikamilifu, basi waya wa shaba wa geji 8 (namba ikipungua, waya ni mnene zaidi) na fyuzi ya ampea 40 vinatosha. Ukiongeza sabufa ya wati 500, nenda geji 4 na fyuzi ya 100. Waya wa alumini uliopakwa shaba uwe mnene kwa hatua moja zaidi. Chomoa hasi ya betri kabla ya kugusa chochote, na weka fyuzi ndani ya sentimita 45 kutoka kwenye betri, kwa sababu inalinda waya usiwake moto ukichubuka kwenye bodi. Erthi, yaani waya wa hasi wa amplifaya kwenda kwenye bodi, iwe fupi: kwangua rangi hadi bati ling'ae, kisha kaza kwa bolti.

Kuweka geini (kirekebishi cha kiasi amplifaya inavyokuza sauti) kwa sikio ndiko kunakoua spika nyingi. Chomoa spika kwenye amplifaya, zima vichujio vinavyogawa besi na sauti za juu, acha besi na trebo ya redio kwenye sifuri, weka sauti robo tatu, cheza toni ya Hz 300 (mita nyingi za bei nafuu hazisomi vizuri juu ya Hz 400). Zidisha wati kwa omu, tafuta kipeuo cha pili: wati 75 kwa omu 4 ni volti 17.3. Pandisha geini hadi mita isome hivyo, usivuke. Sabufa ipimwe kwa Hz 50. Wati 500 kwa omu 2 ni volti 31.6. Kisha rudisha vichujio: spika za milango zianze Hz 80 kwenda juu, sabufa iishie hapo.

Mluzi unaopanda na mwendo wa injini mara nyingi hutokana na erthi mbovu, au RCA zilizolala pamoja na waya wa umeme. Zipitishe upande mwingine wa gari. Sauti ikikatika dakika chache baada ya spika za redio kuondolewa, redio inatafuta mzigo: weka rezista ya omu 47, wati 10, kwenye kila jozi ya waya za spika. Betri ikilala usiku, chunguza waya wa kuwashia amplifaya. Huenda umeungwa kwenye umeme usiozimwa na swichi.