Mshono baada ya kujifungua: maji safi yatosha

Mama, mshono wa msamba, yaani sehemu iliyo kati ya uke na njia ya haja kubwa, hauhitaji dawa kali. Hapa Kayole, Nairobi, ambako bafu na choo ni vya ploti nzima, nawaambia akina mama waliojifungua wawe na jagi lao, lisilofanya kazi nyingine. Chemsha maji, yaache yawe vuguvugu, kisha kila utokapo chooni jimwagie kuanzia mbele kwenda nyuma. Kausha kwa kugusagusa na kitambaa safi; usisugue. Mkojo ukichoma, jimwagie maji hayo ukiwa bado unakojoa, utapata nafuu papo hapo. Shosho akikuletea maji ya moto sana yenye chumvi ama dawa ya kuulia viini, mshukuru kwa upendo wake, lakini usitumie, kidonda kitawaka.

Badilisha pedi kila baada ya saa 4 hivi, na unawe mikono kabla na baada. Kula sukuma wiki, maharagwe na papai, unywe maji, choo kiwe laini. Ukienda haja kubwa, shikilia pedi safi kwenye mshono. Nyuzi kwa kawaida huyeyuka zenyewe.

Ukiona usaha, harufu mbaya, homa, maumivu yanayozidi ama mshono umeachana, usingoje kliniki ya wiki ya 6. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.