Ushuru wa mwunda maudhui Kenya: kutoka PIN hadi ritani ya Juni

Kampuni imekulipa KSh 95,000 badala ya 100,000 mliyoelewana. Ukiuliza, unaambiwa 5,000 zimeenda KRA, mamlaka ya ushuru ya Kenya. Waunda maudhui wengi huishia hapo: ushuru umeshalipwa, yamekwisha. Bado. Hiyo asilimia 5 ni arubuni tu. Ilianza tarehe 1 Julai 2023 kupitia Sheria ya Fedha ya mwaka huo (mswada ulitaka asilimia 15, ikashushwa bungeni), na ushuru wenyewe hukokotolewa mwisho wa mwaka kwa viwango vile vile vinavyomkata mwalimu au karani aliyeajiriwa.

Ninayemwandikia hapa ni mkazi wa Kenya anayejifanyia kazi kwa jina lake, hana kampuni iliyosajiliwa.

Hatua ya 1: Hakikisha PIN ni yako kweli

PIN, nambari yako ya mlipakodi, unayo, pengine tangu ulipoomba mkopo wa masomo wa HELB. Ingia iTax, tovuti ya KRA, uangalie barua pepe na nambari ya simu zilizomo. PIN nyingi zilifunguliwa saiba, na barua pepe iliyoandikwa ni ya mwenye saiba, kwa hiyo kila ilani ya KRA humfikia yeye. Badilisha kabla ya jambo lingine lolote.

Hatua ya 2: Orodhesha kila pesa inakotoka

Usihesabu YouTube peke yake. Sheria inataja matangazo, udhamini, kamisheni za kuuza bidhaa za wengine, ada za wanachama, fulana na kofia unazouza, leseni za kazi zako, hata michango inayochangishwa kwa mashabiki. Simu uliyopewa kama malipo ya kuitangaza nayo ni pato, kwa thamani yake sokoni.

Hatua ya 3: Jaza fomu ya Marekani kwenye AdSense

AdSense ni akaunti ya Google inayokulipa mapato ya YouTube, na hapa watu hupoteza pesa bila kujua. Google ni kampuni ya Marekani, kwa hiyo hukata ushuru wa Marekani kwenye mapato yanayotokana na watazamaji walioko huko. Fomu inayokuhusu inaitwa W-8BEN. Pale wanapoomba nambari ya ushuru ya nchi yako, weka PIN ya KRA. Wakiuliza kama unadai nafuu ya mkataba wa ushuru, jibu hapana, kwa sababu Kenya na Marekani hazina mkataba huo. Utakatwa asilimia 30, lakini kwa sehemu ya Marekani pekee.

Tuseme chaneli imeingiza dola 400, na 50 kati ya hizo ni za watazamaji wa Marekani. Ukiwa umejaza fomu, zinaondoka dola 15. Usipojaza, Google inaweza kukata hadi asilimia 24 ya mapato yako yote ya dunia nzima, yaani dola 96. Fomu yenyewe haichukui hata nusu saa.

Hatua ya 4: Weka daftari na ankara za eTIMS

Daftari la kawaida linatosha, au jedwali kwenye simu: tarehe, aliyelipa, kiasi kamili kabla ya makato, kilichokatwa, kilichoingia. Kiasi kamili ndicho pato lako. Ukiandika 95,000 zilizofika kwenye M-Pesa, hesabu imeharibika tangu mwanzo. Dola zibadilishe kwa kiwango cha Benki Kuu cha siku zilipoingia.

Matumizi ndiyo yanayopunguza ushuru, na tangu 1 Januari 2024 matumizi ya biashara yasiyo na ankara ya eTIMS (mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki) hayakubaliwi, isipokuwa machache kama mishahara na riba. Ukienda barabara ya Luthuli, Nairobi, kununua maikrofoni, taja PIN yako kabla ya kutoa pesa. Ukishalipa na kuondoka, kurudi kumwomba muuzaji ankara ni kazi ya bure. Kompyuta usiiweke yote kwenye mwaka mmoja. Bei yake huondolewa kwenye pato polepole, asilimia 25 kwa mwaka. Na simu unayotumia pia kupigia nyumbani, dai sehemu ya kazi tu.

Wewe pia unatakiwa kutoa ankara za eTIMS kwa kampuni zinazokulipa, maana bila hizo haziwezi kudai gharama yao. Kama hujasajiliwa kwa VAT (ushuru wa thamani ya ziada), eTIMS Lite inakutosha, nayo inapatikana kupitia eCitizen au kwa kubonyeza *222#. Usajili wa VAT ni lazima mauzo yanayotozwa yakifika KSh milioni 5 kwa miezi 12.

Hatua ya 5: Piga hesabu

Mfano: kampuni zimekulipa 600,000 kabla ya makato, YouTube 420,000. Jumla 1,020,000. Matumizi yenye ankara ni 220,000, yanabaki 800,000.

288,000 za kwanza kwa asilimia 10: 28,800
100,000 zinazofuata kwa asilimia 25: 25,000
412,000 zilizobaki kwa asilimia 30: 123,600
Jumla: 177,400
Toa nafuu ya kibinafsi (punguzo la ushuru la kila mwaka) 28,800: 148,600
Toa asilimia 5 zilizokatwa kwenye zile 600,000, yaani 30,000: 118,600

Hizo 118,600 bado ni deni lako.

Hatua ya 6: Jua tarehe

Kila mtu anaijua Juni 30. Hiyo ni tarehe ya kufaili ritani, yaani kuitangazia KRA mapato ya mwaka. Salio la mwaka uliopita hudaiwa kufikia Aprili 30. Ukilipa Juni, unapigwa faini ya asilimia 5 pamoja na riba ya asilimia 1 kwa mwezi. Na ushuru wa mwaka ukizidi KSh 40,000, hulipwa kwa awamu nne: tarehe 20 ya Aprili, Juni, Septemba na Desemba. Ushauri wangu ni kuhamisha robo ya kila malipo kwenye akaunti nyingine siku yanapoingia.

Hatua ya 7: Faili

Fomu ya mtu mwenye biashara ni faili ya Excel unayopakua iTax, ukajaza, ukairudisha. Kwenye ukurasa wa kodi ya zuio, yaani ile asilimia 5 iliyokatwa, linganisha kila cheti cha makato na daftari lako. Kampuni iliyokukata bila kuwasilisha haitaonekana humo, na bila cheti makato hayo hayakupunguzii deni. Idai cheti mwezi uleule ilipokukata. Usisubiri Juni.

Kufaili ritani ya sufuri, inayosema hukupata kitu, huku vyeti vya makato vimeandikwa PIN yako ni kujishtaki, maana KRA inaviona. Kuchelewa kufaili ni KSh 2,000 au asilimia 5 ya ushuru, yoyote iliyo kubwa.

Lipa kupitia paybill 222222, ukiweka nambari ya malipo ya iTax mahali pa akaunti. Risiti na ankara zihifadhi miaka mitano. Ritani ikishapokelewa na hakuna deni, omba papo hapo cheti cha kuzingatia ushuru, kinachoonyesha kuwa hudaiwi na KRA. Hudumu miezi 12, na kuna kampuni zisizosaini mkataba bila kukiona.