Ukifika Ujerumani nawe ni transi: anza na mkalimani

Nimekulia Kirumba, nikimsaidia bibi kuanika dagaa mwaloni. Bismarck kwangu lilikuwa jiwe la pale ziwani Mwanza. Sasa naishi Hamburg, na nikienda kazini naiona sanamu ya Bismarck mwenyewe, chansela wa zamani wa Ujerumani. Nawaandikia wadogo zangu transi, wanawake kama mimi tuliozaliwa tukaitwa wavulana, mliofika juzi na kuomba hifadhi.

Kazi kubwa ni mahojiano. Kiswahili chetu hakibagui: "yeye", "alisema", basi. Kijerumani lazima kichague, *er* wa kiume au *sie* wa kike. Mkalimani wangu alinichagulia *er*. Nilisikia er, er, saa tatu nzima, nisijue kitu. Wiki ya pili darasani mwalimu akaandika *er* ubaoni, akachora mtu mwenye ndevu. Kalamu ilinidondoka.

Kwa hiyo kabla ya swali la kwanza sema: mimi ni mwanamke, nitajwe *sie*. Mapema, kwa maandishi, mwombe mshauri au wakili wako akuombee mhoji na mkalimani wa kike, na mhoji aliyefunzwa mambo ya mateso ya kijinsia. Mkalimani akikuita kwa lile tusi la mtaani kwetu, omba abadilishwe palepale. Mwisho utasomewa yote uliyosema. Hata kama umechoka na njaa inauma, sikiliza, sahihisha, ndipo utie saini.

Dawa: njoo na karatasi yenye majina halisi, estradioli (homoni ya kike) au nyingine, na dozi.

Jina: tangu tarehe 1 Novemba 2024 unabadili jina na jinsia kwenye ofisi ya usajili bila daktari wala mahakama, unatoa taarifa miezi 3 kabla. Lakini mgeni anatakiwa awe na kibali cha ukaazi, kwa hiyo anayesubiri jibu la hifadhi bado. Wakati huo omba kadi ya nyongeza ya dgti, shirika la Kijerumani la watu transi, yenye picha na jina unalotumia. Inaonyeshwa pamoja na kitambulisho chako, na mimi imeniokoa kwa wakaguzi wa treni.

Ukipata nafasi ya kozi ya lugha, vipindi 600 vya lugha na 100 vya sheria na historia, usikose hata siku moja.

Na Waswahili wenzako usiwakimbie wote. Nilikaa mwaka mzima nikiwakwepa. Siku moja dukani Steindamm mama mmoja wa Musoma alinitazama sana, akanifungia dagaa kwenye gazeti, akasema, "Dada, hawa wachambue vichwa, wana mchanga." Sasa kila Jumamosi napitia kwake.