Binti akiishia chumba cha upasuaji

Akina mama wenzangu wa Kigoma, binti yako akienda kujifungua kisha mkaambiwa ni upasuaji, usisimame mbele yake ukauliza "imekuwaje tena?" Wangu alilia siku mbili kwa sababu shangazi yake alimwambia hakusukuma vya kutosha. Kuzaa kwa kisu ni kuzaa. Mwambie hivyo, mshike mkono, mwache asimulie yaliyomkuta hata mara kumi.

Na hili nawaomba sana: mkirudi nyumbani, asikandwe tumbo kwa maji ya moto. Najua sisi wengi tulikandwa, lakini yeye ana mshono. Kidonda kikae kikavu. Kikitoa usaha au harufu, akipata homa, au damu ikizidi, rudini hospitali siku hiyo hiyo, msingoje kuche. Asinyanyue ndoo wala kitu chochote kizito kuliko mtoto wake. Wakati wa kunyonyesha, mtoto alazwe ubavuni, miguu ipite chini ya kwapa la mama, asije akapiga teke mshono. Supu ya migebuka, samaki wetu wa ziwani, pika wewe. Maji wachote wadogo zake.