Ukitaka mradi kwenye bajeti ya kaunti, anza Agosti

Nchini Kenya, mkazi wa Kaptembwo (Nakuru) au Kondele (Kisumu) anayesubiri vikao vya Mei vya maoni ya umma kuhusu bajeti ndipo aombe zahanati amechelewa. Kufikia hapo kila idara imeshapangiwa kikomo chake cha matumizi, na pesa za zahanati hiyo itabidi zing'olewe kwenye mradi mwingine wa afya.

Mwaka wa fedha huanza Julai 1, ila bajeti yake huanza kupikwa karibu mwaka mzima kabla. Mpango wa Maendeleo wa Mwaka, unaotaja miradi ya mwaka huo, lazima ufike bunge la kaunti kufikia Septemba 1. Kwa hivyo peleka ombi Julai au mapema Agosti, kwa maandishi, kwa msimamizi wa wadi, na nakala kwa mwakilishi wadi. Nakala yako igongwe muhuri wenye tarehe, maana yaliyosemwa barazani pekee ni rahisi kukanwa.

Ombi liwe la kupimika. "Tunataka barabara" halimsaidii mhandisi kukadiria gharama. Taja inapoanzia na inapoishia, urefu wake, panapohitaji kalvati, na soko au shule zitakazofaidika. Kwa zahanati, onyesha kwanza kwamba ardhi ni ya umma na ina stakabadhi; mzozo wa kiwanja husimamisha ujenzi hata pesa zikiwepo. Omba pia wauguzi na dawa. Jengo hulipiwa na fedha za maendeleo, ilhali mishahara na dawa hutoka kwenye matumizi ya kawaida, na asiyeomba vyote viwili huishia na jengo lenye kufuli mlangoni.

Februari 28 ndiyo tarehe ya kukodolea macho. Siku hiyo ndiyo mwisho wa kuwasilisha waraka wa mkakati wa fedha, unaoweka vikomo vya idara, na bunge lina siku 14 tu kuupitisha. Toa maoni yako kabla haujafika huko.

Makadirio yenyewe hufika bungeni kufikia Aprili 30. Tafuta jina la mradi, wadi na kiasi. Ukikuta "barabara mbalimbali" bila majina, dai orodha kwa maandishi. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 huipa ofisi siku 21 kujibu.

Bajeti ikipita, usilale. Bajeti ya ziada, inayorekebisha ile iliyopitishwa, inaweza kuufuta mradi katikati ya mwaka, kwa hivyo linganisha orodha za miradi za bajeti hizo mbili mstari kwa mstari.